Kiuno baada ya kukoma hedhi: mwongozo wa kuchuliwa na kukandwa bila kuvunjwa mfupa

Shangazi yangu wa Mpwapwa alikuwa na tiba yake ya kiuno ambayo wengi mtaitambua. Jioni akitoka shamba hutandika mkeka uani, hulala kifudifudi, kisha humwita mjukuu apande mgongoni amkanyage. "Shuka kidogo. Hapo hapo. Tia kisigino." Alianza hivyo tangu watoto wake mwenyewe wakiwa wadogo, na kila mara aliinuka akijisikia mwepesi. Alipokuwa na miaka 61, mjukuu wa zamu alikuwa wa darasa la sita, si mtoto tena, na jioni ile shangazi hakuinuka. Eksirei ilionyesha pingili moja ya mgongo, pale mbavu zinapoishia, imebonyea kwa mbele kama kopo la maziwa lililokanyagwa.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu viungo na misuli kwa mikono na mazoezi, hapa Dodoma mjini, na akina mama wa rika la shangazi ndio ninaowaona sana. Nawaandikia wao na mabinti zao, maana mara nyingi binti ndiye mwenye simu, na ndiye anayetumwa kuchua. Mkono unasaidia kiuno. Sina sababu ya kubisha, ndio unaonilisha. Ila mgongo wa mwanamke aliyekoma hedhi hauchuliwi kama wa kijana wa bodaboda, na nafuu ya mkono ni ya kuazima. Inakupa saa kadhaa, pengine siku mbili tatu, ambazo unaweza kutembea na kujinyoosha bila kuuma meno. Usipozitumia hizo, wiki ijayo umerudi kitandani kwangu na pesa imeshakwenda.

Kilichobadilika mwilini

Kwa hesabu ya kitabibu umekoma hedhi ukishatimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, na kwa wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kinachoondoka si damu ya mwezi tu. Mifupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikimshika mkono mbomoaji asimzidi mjenzi. Ikishuka, mbomoaji anakwenda mbio. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake bila kusikia chochote. Hata eksirei ya kawaida huchelewa kuona. Picha ikianza kufifia, karibu theluthi ya madini ya mfupa imeshaondoka. Misuli nayo inapungua, joto la ghafla linakuamsha saa nane za usiku, na mtu asiyelala maumivu humwelemea.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 619 wenye maumivu ya kiuno mwaka 2020. Wanawake ni wengi kuliko wanaume, na umri wenye wagonjwa wengi zaidi ni miaka 50 hadi 55. Kwa hiyo mama, jirani hajakuroga, wala si uvivu kama wanavyosema wakwe.

Halafu kuna mizigo yetu ya hapa. Dumu la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na shinikizo lake lote linashuka mpaka kiunoni. Uwele na karanga hupaliliwa kwa jembe fupi, mgongo umekunjwa tangu asubuhi. Uani ufagio ni mfupi, jikoni kigoda ni kifupi, na bajaji ya kwenda mtaani kwako hairuki shimo hata moja. Mgongo laini kwa ndani, kazi ngumu kwa nje: hapo ndipo maumivu yanapopata nafasi.

Hatua ya kwanza: chuja kabla hujaguswa

Hii usiiruke, hata kama maumivu ni makali na mkandaji yuko mlangoni. Maumivu mengi ya kiuno ni ya misuli na viungo na hayana hatari, lakini machache yana mwenyewe, yaani ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake, na mwenyewe huyo hachuliwi.

Kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku: ganzi sehemu unazokalia na ukeni, mkojo kugoma kutoka au kutoka bila habari, haja kubwa kukuponyoka, au mguu kulegea ghafla ukaanza kuburuza unyayo. Hapo neva zinabanwa, na kila saa ina thamani. Usimpigie mtu wa masaji.

Kwenda kwa daktari wiki hiyo, kabla ya kuchuliwa: maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, hata kule kuanguka kwa kukaa tu chini, au baada ya kunyanyua ndoo ukasikia kama kitu kimekatika. Maumivu yasiyojali umelala au umesimama, yanayozidi usiku. Kukonda bila sababu. Homa, au jasho la usiku ambalo si lile joto la kukoma hedhi unalolijua. Kwa ukanda wetu nitataja mawili hapa. Kifua kikuu hakikai kifuani tu, hushika pingili za mgongo pia. Na brusela, ugonjwa unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa kuzalisha mifugo mikono mitupu, mara nyingi huja na homa ya kupanda na kushuka pamoja na kiuno kinachouma. Mama wa Bahi au Chamwino mwenye ng'ombe akiniambia kiuno na homa, simgusi mpaka apimwe.

Na hili naomba lisomwe mara mbili: kutokwa damu ukeni, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi si "siku zimerudi". Ni sababu ya kupimwa shingo ya kizazi na mfuko wa uzazi. Saratani ya shingo ya kizazi ikishaenea huuma kiunoni, na nimepokea akina mama waliochuliwa miezi kadhaa kwa ajili yake. Aliyewahi kutibiwa saratani yoyote, titi likiwemo, naye aanzie kwa daktari.

Hatua ya pili: pima mifupa yako kwa akili

Kipimo chenyewe cha uzito wa mifupa hakipatikani kila mahali, na si lazima ukisubiri ndipo uanze kujihadhari. Anza na gauni. Kama gauni la zamani, lililokuwa likiishia kwenye kifundo cha mguu, sasa linafagia sakafu na hujalishonesha upya, huenda wewe ndiye uliyefupika. Kupungua zaidi ya sentimita 4 tangu ujanani ni dalili kwamba kuna pingili zilizobonyea. Kisha simama mgongo ukutani, visigino vikigusa: kisogo kinafika ukutani bila kuinua kidevu? Kama hakifiki, mgongo wa juu umeanza kupinda.

Jiulize pia: umewahi kuvunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka kidogo baada ya miaka 50? Mama yako alivunjika nyonga? Hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au uliondolewa mfuko wa uzazi pamoja na ovari, vile vifuko vya mayai? Umetumia prednisoloni kwa miezi mingi, labda kwa pumu? Unatumia ARV zenye tenofovir? Dawa hiyo hupunguza kidogo uzito wa mifupa. Usiiache, lakini mwambie anayekuchua kwamba unaitumia. Huna haja ya kumweleza kwa nini, sema tu kuna dawa unayotumia inayogusa mifupa.

Jibu moja la ndiyo linatosha kukuweka upande wa wanaochuliwa kwa mkono mwepesi. Mimi kwa tabia yangu huwaweka wanawake wote waliopita miaka 60 upande huo, wawe na majibu yoyote. Kukosea kwa upole hakujawahi kumvunja mtu.

Hatua ya tatu: chagua mkono

Mjini hapa utakutana na mikono ya aina tatu. Kuna mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye amesomea mwili mzima wa binadamu, wengi wao chuo cha KCMC Moshi au Muhimbili. Hawa wapo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayozidi kuiita General, na Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM. Ukifika ulizia idara ya fiziotherapia au huduma za utengamao, maana bango laweza kusema lolote kati ya hayo. Ulizia pia kama kadi yako ya bima inabeba huduma hiyo na kwa mara ngapi, usije ukakwama dirishani.

Kuna vyumba vya masaji, wengine wana mkono mzuri kweli, wengine wameanza juzi wakitokea kunyoa. Na kuna bibi mkandaji wa mtaa, aliyekukanda kwa maji ya moto ulipojifungua. Huyu simdharau hata kidogo. Anajua kupasha mwili, anajua kuongea na mgonjwa, na hana haraka. Tatizo la mkandaji ni moja tu: alipokukanda ulikuwa na miaka 27.

Popote utakapokwenda, sikiliza maswali yake. Asiyeuliza umri, dawa unazotumia, presha, sukari, wala kama umewahi kuanguka, mshukuru uondoke. Akikuambia "nitairudisha diski mahali pake" au "nitakuvunja mgongo kidogo usikie raha", ondoka bila hata kushukuru. Diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, hairudishwi kwa kusukumwa na dole gumba.

Mteja wangu mmoja alikwenda kwenye chumba kimoja hapa mjini, akakunjwa kiubavu, bega likasukumwa huku na nyonga kule, ghafla, pwaa! Mlio ule akafurahia. Usiku hakuweza kujigeuza kitandani. Ilikuwa mbavu mbili, zimevunjika. Mlio wenyewe, kwa wanaopenda kujua, ni gesi inayojitenga ndani ya ute wa kiungo, kama unavyoalisha vidole. Hakuna mfupa uliotoka ukarudi.

Hatua ya nne: siku ya kwanza kitandani

Vaa nguo unazoweza kukunja hadi kiunoni, na uende na kanga. Kanga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: inafunika sehemu isiyoshughulikiwa, na unabaki na heshima yako. Una haki ya kuomba mwanamke akuhudumie, au kuingia na binti yako. Mtaalamu anayekasirika kwa ombi hilo ana tatizo lake.

Dakika za mwanzo hutumika kwa maneno na vipimo. Ataomba uiname na urudi nyuma, atakuinua mguu ukiwa umelala chali, atagonga goti kwa kinyundo, atakuambia usukume dole gumba la mguu dhidi ya mkono wake. Usione anachelewesha. Anatafuta kama maumivu yako yanatoka kwenye neva, kwenye kiungo cha nyonga au kwenye misuli, na mkono utakwenda kutokana na hapo.

Kisha mikono yenyewe. Kuchua misuli unakujua. Cha pili ni kuchezesha pingili: anaweka kiganja karibu na uti wa mgongo na kubonyeza kwa mdundo, taratibu, nusu dakika hadi dakika moja, anapumzika, anarudia. Mfumo huu aliueneza Geoffrey Maitland wa Australia, na una daraja kuanzia 1 hadi 4. Daraja la 1 na la 2 ni mwendo wa kutuliza maumivu, usiofika mwisho wa kiungo, la 3 na la 4 hufika mwisho wa kiungo kulainisha ugumu. Daraja la 5 ndilo lile la kusukuma kwa ghafla. Kwa mama niliyemwelezea juu, mimi huishia la 1 na la 2, mara chache la 3 nikiwa na uhakika na mifupa yake, na la 5 silifanyi kabisa. Wenzangu wengine watanibishia. Sawa, lakini utafiti wenyewe haujaonyesha kwamba kusukuma kwa ghafla kunapita tiba nyingine zinazofaa, sasa kwa nini nicheze na mfupa wa mtu?

Kazi yako kitandani ni kuongea. Tumia namba: 0 hakuna maumivu, 10 ni yale ya kupiga kelele. Mpaka 3 au 4, ile tunayoita "inauma vizuri", mwache aendelee. Ikipita hapo sema, na asiposikia, inuka. Akina mama wa Kigogo ninaowahudumia ni wavumilivu kupita kiasi. Huuma kanga wakanyamaza, nami naona vidole vya miguu tu vinakunjika. Uvumilivu huo peleka shambani.

Hatua ya tano: kuchua nyumbani

Hapa naongea na binti, au mjukuu, au baba kama yupo. Tafuta mafuta ya alizeti, yale yale ya jikoni, vijiko viwili vinatosha, mto mmoja au blanketi lililokunjwa, taulo dogo, maji ya moto. Kata kucha. Vua pete.

Anza kwa kupasha. Loweka taulo, likamue mpaka lisidondoke, ligusishe upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako kwanza. Ukiweza kuhesabu hadi kumi bila kuutoa, mama ataliweza. Liweke kiunoni dakika 10 hadi 15, ukilirudisha majini likipoa. Julai, upepo wa Dodoma unapopenya hadi chini ya mlango, hatua hii peke yake huleta nusu ya raha. Ila kama mama ana kisukari na ngozi yake ina ganzi, usimpashe: ataungua bila kujua. Na kama amepakwa dawa ya kuchua yenye kuwasha, usiweke joto juu yake.

Mlaze kiubavu, upande usiouma ukiwa chini, magoti yamekunjwa kidogo, mto katikati ya magoti. Hapa ndipo watu wanapokosea wakimlaza kifudifudi: mwenye mgongo uliopinda hawezi kulala hivyo bila shingo kunyongwa, na mbavu zinabanwa kati ya godoro na mkono wako. Kama kulala kiubavu kunamsumbua bega, akae kwenye kiti akiwa ameelekea egemeo, akumbatie mto, aweke paji la uso juu ya mikono.

Sasa pitisha vidole katikati ya mgongo bila kubonyeza. Utasikia vinundu kama shanga. Hivyo ni vya Mungu, usiviguse tena. Pembeni yake, upana wa vidole viwili kila upande, utasikia misuli miwili mirefu kama kamba za katani. Hiyo ndiyo yako. Paka mafuta viganjani, yasugue yapate joto, kisha teleza na kiganja kizima kuanzia juu kidogo ya kifandugu kupanda hadi chini ya mbavu, ukimaliza kwa kwenda nje kuelekea ubavuni. Polepole: mpando mmoja ni pumzi moja ya mama. Fanya hivi dakika tatu. Utashangaa misuli inavyoanza kulegea yenyewe kabla hujatumia nguvu yoyote.

Baada ya hapo kanda kwa sehemu nene ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono. Dole gumba liache. Linachoma, na baada ya wiki mbili litakuuma wewe. Nguvu kiasi gani? Unapokwenda Majengo sokoni ukabonyeza parachichi kujua kama limeiva, bila muuzaji kukufokea, nguvu hiyo hiyo. Ukifika mahali pana fundo, usilisugue kwa hasira. Weka kiganja, tulia, hesabu polepole hadi 30. Likianza kulainika utalisikia linazama.

Usisahau tako. Maumivu mengi ambayo mama anayaonyesha kiunoni yanachangiwa na misuli iliyo sehemu ya juu ya tako, nyuma ya mfupa wa nyonga. Binti wengi huona aibu hapo, basi funika kwa kanga na ubonyeze juu yake kwa ngumi iliyolegea, sekunde 30, pumzika, mara tatu au nne. Mama anayeishi peke yake aweke mpira wa tenisi ndani ya soksi, aegemee ukuta mpira ukiwa nyuma ya nyonga, ajisogeze taratibu.

Malizia kwa kumtikisa. Mkono mmoja juu ya mfupa wa nyonga, sukuma mbele na uachie urudi, kama unavyobembeleza mtoto alale. Dakika moja au mbili. Ni jambo dogo, na ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu hapo ndipo pumzi ya mgonjwa hubadilika.

Jumla isizidi dakika 20, mara mbili au tatu kwa wiki. Magoti, viwiko na miguu haviingii kwenye kazi hii, wala kupigapiga, wala kuzungusha kiuno mpaka kilie. Usichue kabisa penye kidonda, au kama mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu: huenda ni damu iliyoganda, na hiyo ni safari ya hospitali. Anayetumia wafarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda atelezeshewe kiganja tu.

Kesho yake anaweza kusikia uchovu wa misuli, unaoisha ndani ya siku moja au mbili. Maumivu yakishuka mguuni kuliko mwanzo, au yakiwa makali katikati ya mgongo akikohoa, acheni na mkamwone daktari.

Hatua ya sita: tumia nafuu kabla haijaisha

Ainuke kwa kugeuka kiubavu, ashushe miguu, asukume kwa mikono. Kisha atembee dakika 10, hata kuzunguka nyumba. Baada ya hapo mazoezi, na nitasema yale tu ninayoona yanafanywa kweli nyumbani.

Akiwa chali na magoti yamekunjwa, abane tumbo taratibu mpaka kiuno kiguse mkeka, ashike sekunde 5, aachie, mara 10. Katika mkao huo huo ainue nyonga juu, ashike sekunde 5, ashushe; mara 8 hadi 10. Kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika chochote, mara 10, na kukaa kwa kujizuia badala ya kujiangusha. Kusimama mikono kiunoni na kurudi nyuma kidogo, mara 5, kila baada ya kazi ya kuinama. Hili la mwisho linafaa kufanywa shambani, kwenye mpaka wa kila mraba uliopalilia. Kuna pia kubana misuli ya chini kama unayezuia mkojo, sekunde 5, mara 10. Akina mama wanaovuja mkojo wakikohoa ni wengi kuliko wanaosema, na misuli hiyo ni jirani wa kiuno.

Yale ya kulala chali na kuinuka ukikunja tumbo, au kuinama kwa nguvu ugusie vidole vya miguu, mama huyu asiyafanye. Kukunja mgongo kwa mbele ndiko kunakobonyeza pingili dhaifu.

Zaidi ya hayo, kutembea nusu saa siku nyingi za wiki, alfajiri kabla jua la Dodoma halijashika kasi.

Mzigo, chakula na vifaa vya kununua

Dumu moja la lita 20 ligawe yawe mawili ya lita 10, moja kila mkono. Mwombe fundi akutilie mpini mrefu kwenye ufagio na jembe. Mjukuu abebwe na wenye mifupa mipya, wewe mpakate. Godoro lililobonyea katikati geuza, na ukilala kiubavu weka mto kati ya magoti.

Kwa mifupa, mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji takribani miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wanaoliwa na miiba yao, maziwa yaliyochemshwa au mtindi, na mboga za majani hukusogeza. Na jua, linalousaidia mwili kutengeneza vitamini D ya mifupa, tunalo la kutosha kuuza nje.

Kuhusu mikanda ya kiuno inayouzwa barabarani: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unashauri isitumike, pamoja na kuvutwa mgongo kwa uzito na ile mashine ya mawimbi ya sauti. Unaokubali ni kuelimishwa, mazoezi, kuchuliwa, tiba ya mikono ya pingili, tiba ya kisaikolojia, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki kwa uangalifu. Uangalifu huo uuchukue kwa uzito wake: mwenye presha, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asijinunulie diklofenaki dukani eti kwa sababu jirani ilimsaidia.

Hatua ya saba: hesabu, halafu amua

Panga mara 4 hadi 6 kwa mtaalamu ndani ya wiki tatu au nne, huku nyumbani mkiendelea. Chukua daftari la shule, na kila Jumapili andika mambo mawili tu: unaweza kukaa muda gani kanisani au msikitini bila kujigeuza, na unaweza kutembea hadi wapi. Namba ya maumivu hudanganya, hupanda na kushuka na hali ya moyo. Daftari halidanganyi. Kama baada ya mara 6 bado unaishia pale pale kwenye duka la kona, mwambie mtaalamu abadilishe njia au akurudishe kwa daktari. Anayekuambia "bado mara kumi" bila kukupa zoezi hata moja la kufanya nyumbani anajenga nyumba yake kwa kiuno chako.

Shangazi alikaa kama miezi mitatu pingili ikipona, kwanza akipumzika, kisha akitembea kidogo kidogo kuzunguka uani. Nilipokwenda Mpwapwa wakati wa kuvuna uwele nilimkuta amelala kiubavu kwenye mkeka ule ule, mto katikati ya magoti, na mjukuu yule yule, sasa kidato cha kwanza, amepiga magoti nyuma yake mikono inang'aa mafuta ya alizeti.

"Shikamoo shangazi. Naona mnafuata masharti."

"Marahaba mwanangu. Tunafuata, tufanyeje," akasema bila kufungua macho. "Lakini huyu hanichui. Huyu ananipapasa kama parachichi."